Kozi ya kurekodi simulizi za wazee, Tanga: laki mbili na nusu yangu ilikwenda wapi

Ada ni shilingi laki mbili na nusu. Ndani yake mna chai ya saa nne na maandazi mawili, daftari, na nauli ya Muheza siku za mazoezi. Chakula cha mchana ni juu yako, na pa kulala pia kama hukai Tanga mjini. Rekoda wanakuazima, betri unanunua. Cheti kipo, kina mhuri mkubwa, na sijui nitakionyesha kwa nani. Naanza na hayo kwa sababu kila aliyeniuliza habari za kozi hii aliuliza kwanza bei, kisha cheti, kisha kama wanafundisha kurusha droni. Hawafundishi kurusha droni.

Mimi kazi yangu ni video za harusi. Kamera ninazo, taa ninazo, kuhariri najua. Nilichokosa ni uzoefu wa kumkalisha mtu mmoja akazungumza saa mbili, maana harusini hakuna anayezungumza zaidi ya nusu dakika, na hiyo yenyewe ni "tunawatakia maisha mema yenye baraka". Kwa muda mrefu nimetaka kutengeneza filamu ya manamba wa mkonge, wale waliotoka Kigoma, Songea, Njombe, Burundi na Msumbiji wakaja kukata mkonge Tanga, na wengi wakazikwa huku huku. Filamu za namna hiyo nimeziona. Mzee anatokea sekunde kumi, anasema "maisha yalikuwa magumu", halafu kijana wa studio mwenye sauti nzito anatueleza yote yaliyobaki. Mimi nilitaka mzee aeleze, kijana wa studio anyamaze.

Waendeshaji ni kikundi kidogo cha watu wa hapa hapa. Sitawataja: nina malalamiko mawili matatu, na mji wetu ni mdogo. Kozi ni ya wiki mbili, ya kwanza darasani, ya pili shambani na mbele ya kompyuta. Tulikuwa kumi na wawili: walimu wa shule, watangazaji wa redio, mstaafu wa benki anayetaka kuandika habari za ukoo wake, vijana wa chuo, na mimi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya historia ya kazi yenyewe, na ilinifurahisha kwamba hatukuanzia Ulaya. Tulianzia Kilwa. Mkufunzi mkuu, mama wa makamo aliyewahi kufundisha sekondari, alitueleza jinsi mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, chuo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walivyotumwa vijijini kukusanya habari za vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Walikwenda kwa wazee walioviona na kwa watoto wa waliopigana. Gilbert Gwassa alifanya kazi kubwa ya namna hiyo upande wa Umatumbi, huko huko Kilwa. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya yaliyoandikwa ilitoka kwenye majalada ya Wajerumani, yaani mshindi ndiye aliyekuwa shahidi. Akamtaja Bethwell Ogot wa Kenya, aliyeandika historia ya Waluo kwa kutegemea wazee wao, na Jan Vansina, Mbelgiji aliyeishi na Wakuba wa Kongo miaka ya 1950 akashikilia kwamba simulizi ni ushahidi unaopimika kama ushahidi mwingine wowote. Wamarekani wanahesabu mwanzo wao kuwa 1948, Allan Nevins alipoanzisha ofisi ya masimulizi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Hapo tulipita haraka, na sikuona tumepoteza kitu.

Kutoka hapo alitupa kanuni moja niliyoitumia wiki nzima. Kila mzee anapozungumza, sikiliza kama anasema "niliona", "niliambiwa" au "inasemekana", kisha uandike pembeni. Mzee mmoja huyo huyo anaweza kupita kwenye yote matatu ndani ya sentensi moja. Mambo ya mababu waliokuja na mizimu yao kutoka Usambara ni mapokeo, yana kanuni zake za kuyapima. Ngumi aliyopigwa yeye mwenyewe na nyapara mwaka 1958 ni kumbukumbu yake, nayo ina kanuni nyingine. Filamu nyingi zinachanganya viwili hivyo kwenye chungu kimoja.

Sasa nifike palipolipa ada yangu. Ni zoezi la maswali.

Tuliambiwa tukae wawili wawili, kila mmoja amhoji mwenzake kuhusu kazi yake ya kwanza maishani, nusu saa, bila kuuliza hata swali moja linaloweza kujibiwa "ndiyo". Jaribu nyumbani uone. Kwa Kiswahili ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu kwetu kumkubalia mgeni ni adabu. Ukimwambia babu, "Kazi ya mkonge ilikuwa ngumu, eti?" atakujibu "Ngumu sana, mwanangu," na mazungumzo yamekwisha. Amekustahi, amekupa ulichokuja kutafuta, na wewe hujapata kitu. Ukimwuliza mwenzake wa jirani, "Lakini kulikuwa na furaha yake pia?" atakujibu "Furaha ilikuwepo." Jioni utakuwa na kanda iliyojaa mawazo yako mwenyewe kwa sauti za wazee.

Swali ambalo mama yule analichukia kuliko yote ni "Ulijisikiaje?" Aliliandika ubaoni, akalikata kwa chaki mara mbili. Watangazaji wetu wa redio walicheka kwa aibu, maana ndilo mkate wao wa kila siku. Hoja yake ni kwamba mzee wa miaka themanini hajazoea kuulizwa moyo wake na mtoto asiyemjua. Atakupa neno la jumla ili muendelee. Muulize alifanya nini. "Ulipofika nyumbani jioni hiyo, ulianza na nini?" "Nipeleke kambini kwenu. Naingia, mkono wa kulia kuna nini?" "Chakula cha mchana mlikula wapi, na nani alipika?" Mtu akianza kukutembeza kambini, moyo atauleta mwenyewe, na ataufikisha kwa maneno ambayo usingeweza kumtungia.

Halafu kuna suala la kuitikia, na hapa ndipo nilipoona kwamba kozi hii ilitungwa na watu wanaozungumza Kiswahili, haikuchukuliwa tu kutoka vitabu vya nje. Vitabu hivyo hukwambia unyamaze kabisa mzee anapozungumza, ili sauti yako isiingie kwenye kanda. Kwetu ukinyamaza hivyo mzee anasimama. Anadhani hujaelewa, au umechukia, au umelala. Msimuliaji wa pwani anahitaji "ehee", anahitaji "kumbe!", anahitaji "ikawaje?" Lakini mimi mhariri najua "kumbe!" iliyokaa juu ya neno la mzee haiondoki, pale utakatia, pale utapoteza sentensi nzima. Njia yao ni hii: macho, kichwa na uso vifanye kazi yote wakati anazungumza, na "ehee" isubiri pumzi yake. Tulifanya mazoezi ya kuitikia kwa uso. Ilikuwa kichekesho, watu wazima wamekaa wanatoleana macho kwenye chumba cha joto, lakini nilipokwenda shambani niliikuta inafanya kazi. Na baada ya mzee kumaliza jibu, hesabu moja mpaka tano kabla ya kuuliza lingine. Mara nyingi sana kwenye nne anaongeza kitu, na hicho alichoongeza ndicho kitakachoingia kwenye filamu.

Kwenye salamu tulibishana. Mkufunzi anataka rekoda iwashwe tangu "shikamoo", kwa sababu sauti ya mtu akimpokea mgeni ni sehemu ya habari. Mimi naona salamu ni za kuingilia nyumbani kwa mtu, na kumwashia mtu chombo kabla hujamweleza umefuata nini si ustaarabu. Darasa liligawanyika nusu kwa nusu.

Somo la vifaa nitalipitisha mbio, na kwa kweli na wao walilipitisha mbio. Faili la WAV, kilohezi 48, biti 24. Saa moja ya sauti ya pande mbili inakula karibu gigabaiti moja, kwa hiyo kadi ndogo haitoshi. Simu nzuri inatosha ukiizima mtandao na ukawa na maikrofoni ya kubana kwenye kola. Hedifoni ni lazima, maana sikio lako litasamehe kelele ambazo maikrofoni haitazisamehe: friji, feni, jogoo, na zaidi ya vyote mvua juu ya bati. Mwishoni rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba kile kile, utaihitaji kwenye kuhariri. Kuhusu picha, sikujifunza kitu kipya, na kama wewe ni mtu wa kamera usiende kwa ajili hiyo. Nusu siku nzima kuhusu mwanga, na hakuna aliyesema usimkalishe mzee mgongo wake ukiwa dirishani. Lalamiko langu la kwanza ndilo hili: rekoda zilikuwa tatu kwa watu kumi na wawili, na mlango wa betri wa mojawapo ulifungwa kwa mpira wa kufungia fedha.

Wiki ya pili tulikwenda kwenye kambi ya zamani ya shamba moja ng'ambo ya Muheza. Kabla ya safari tulipewa kurasa chache za kusoma, na tulioona uvivu kuzisoma tulijulikana mara tu tulipofika. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf: miche elfu moja iliagizwa kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutoka hiyo 62 ndipo yakatoka mashamba yote unayoyaona ukitoka Tanga mpaka Korogwe. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi yao ya kusajili vibarua kutoka mikoa ya mbali na kuwasafirisha. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka na hakuna iliyotupita duniani. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mwaka 1967 Serikali ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba, na miaka thelathini baadaye uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya pale ulipokuwa.

Kwa nini usome hayo wakati mzee atakueleza? Nikupe mfano. Vibarua walikuwa na kadi ya kazi ya siku 30. Kadi ikijaa ndipo unalipwa. Asiyejua hilo atauliza, "Mlilipwa vizuri?" Mwenzangu wa chuo, aliyekuwa amesoma, alimwuliza mzee mmoja Muha aliyekuja kwa treni na lori akiwa kijana: "Babu, kadi yako ya siku 30 ilikuwa inajaa baada ya muda gani?" Mzee akacheka. Akasema ilikuwa inajaa mwezi na siku chache. Mkewe alikuwa barazani anachambua mchicha, akamkatiza: "Usiwadanganye watoto wa watu. Mwezi wako wewe ulikuwa siku hamsini!" Basi ndipo yakatoka yote: siku za mvua, siku za homa, siku ambayo nyapara alihesabu mafungu ya majani, akaona moja limepungua, akakataa kutia alama, na siku nzima ikaenda bure. Karibu saa nzima kutokana na swali moja lenye tarakimu ndani yake.

Kanuni ya darasani ilikuwa kumhoji mtu peke yake. Mimi baada ya kuwasikia wale wawili wakisahihishana siikubali tena kwa ukamilifu. Peke yake mzee alikuwa na mwezi wa siku thelathini na kitu. Mbele ya mkewe alikuwa na maisha.

Ila kuna mtu mmoja unayepaswa kumtoa chumbani. Huwezi kuingia kijijini na vifaa bila barua, na hilo ni sawa: unaanza kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji anakupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti, kwa ukarimu wake, anakusindikiza mpaka kwa mzee na kukaa hapo hapo. Mzee akiulizwa habari za ardhi ya shamba ilivyogawiwa, anamjibu mwenyekiti, hakujibu wewe. Dawa ya wakufunzi wetu ilikuwa ya kiungwana: msaidizi alimwomba mwenyekiti amwonyeshe ilipokuwa mipaka ya zamani ya kambi, akamrekodi huko, na kwa kuwa mwenyekiti naye ana mengi, walirudi jioni. Kila mtu aliheshimiwa na kila mtu alisikilizwa. Mbinu hiyo peke yake ina thamani ya elfu hamsini katika ile laki mbili na nusu.

Kikundi chetu kilikaa na bibi mmoja aliyekuwa akianika singa, yaani nyuzi za mkonge, kwenye waya baada ya kutoka korona, huko majani yanakochambuliwa. Alitueleza harufu ya maji machafu ya korona, ambayo alisema ilikaa kwenye kanga hata baada ya kufuliwa, na utomvu unaowasha mikono mpaka kwenye kiwiko. Tatizo lilikuwa kwamba nusu ya maelezo yake yalikuwa ya mikono. "Unachukua hivi, unaitupa hivi, unaivuta hivi." Kwenye rekoda ile ni "hivi" tatu na ukimya. Mkufunzi alitufundisha kumsaidia kwa upole: "Bibi, naona umeinua mikono juu ya kichwa, waya ulikuwa juu kiasi hicho?" Naye akasema, sasa kwa maneno, kwamba wasichana wafupi walisimama juu ya mawe. Kwangu mimi wa kamera funzo lilikuwa jingine: ondoa lenzi usoni, iteremshe mikononi. Hilo hawakulisema, lakini wasingenipeleka kule nisingeliona.

Kisha kuna mzee wa unga wa njano, na huyu ndiye aliyezua mjadala mkubwa kuliko wote. Tulimwuliza shamba lilitaifishwa lini. Akasema bila kusita: mwaka wa unga wa njano. Sasa, kila aliyekuwa mtu mzima wakati ule anaujua unga wa njano. Ni mahindi ya msaada ya miaka ya ukame, 1974 na 1975. Shamba lilitaifishwa 1967. Mwalimu mmoja wa historia katika kundi letu alitaka kumsahihisha pale pale, mkufunzi akamgusa goti. Aliuliza badala yake: "Mwaka huo kilibadilika nini hapa kambini?" Mzee akasema posho ilikwisha. Ule unga na maharage waliokuwa wakipimiwa kila wiki tangu enzi ya Mgiriki mwenye shamba haukuja tena, watu wakapanga foleni kama watu wengine wa nchi.

Usiku ule darasani mkufunzi alitusimulia habari za Terni, mji wa viwanda vya chuma Italia. Mfanyakazi kijana, Luigi Trastulli, aliuawa na polisi Machi 1949 kwenye maandamano ya kupinga Italia kuingia NATO. Miaka mingi baadaye Alessandro Portelli alipowahoji wenyeji, wengi walimweleza kwamba Trastulli alikufa 1953, kwenye vurugu za maelfu kufukuzwa kazi. Portelli hakuwaita waongo. Aliona kwamba watu walikihamishia kifo kile mahali ambapo kiliwauma zaidi na kilipokuwa na maana zaidi. Mzee wetu naye alifanya hivyo hivyo: kwake yeye shamba halikubadili mwenyewe siku tangazo liliposomwa redioni, lilibadili mwenyewe siku debe la posho liliporudi tupu. Kwenye filamu nitaweka tarehe zote mbili, ya Serikali kwa maandishi chini ya kioo, ya mzee kwa sauti yake, na sitamwekea mtu yeyote wa studio kuamua.

Siku za kunakili sauti kwenye maandishi watu wawili waliacha kuja. Siwalaumu. Saa moja ya mzee ni saa nne mpaka nane za kuandika, kutegemea kasi ya vidole na idadi ya jogoo. Tulijaribu kwanza programu ya kompyuta inayoandika yenyewe. Kwa mtangazaji wa habari inaandika vizuri. Kwa bibi wa singa, aliyekuwa akisema "n'kafika" na kutia Kizigua kila alipochangamka, ilisafisha lahaja yote ikawa Kiswahili cha gazeti, Kizigua ikakigeuza upuuzi, na korona ikaandikwa kwa herufi kubwa kama ule ugonjwa. Mkufunzi alitaka tuandike kama alivyosema, pamoja na kurudia kwake na kusita kwake, tukiweka nukta tatu anaponyamaza. Mwanzoni niliona ni ushamba wa kitaaluma. Nilipofika saa ya pili nilianza kuona mahali ambapo bibi anasita, na panafanana: kila anapokaribia jina la nyapara mmoja.

Kwa mtengeneza filamu hakuna haja ya kunakili kila kitu. Walitufundisha kutengeneza orodha ya dakika: 12:40 kadi, 19:05 utomvu, nzuri, 31:20 nyapara, uliza tena. Kisha unachapa vipande unavyovipenda, unavikata kwa mkasi, unavipanga mezani mpaka filamu isomeke kwa karatasi kabla hujafungua kompyuta. Mimi niliyezoea kuhariri harusi kwa kufuata ratiba ya ukumbi, hili lilinibadilishia kazi.

Lalamiko la pili ni fomu ya ridhaa. Kurasa mbili, Kiswahili cha mahakamani, "kwa mujibu wa" kila mstari, na mzee anatakiwa atie dole gumba. Yule mzee Muha alisomewa mpaka mwisho, akanyamaza, akauliza: "Kwani mnanishtaki?" Mkufunzi mwenyewe aliona aibu. Siku iliyofuata tulirekodi ridhaa kwa mdomo: sisi ni nani, sauti hii ni ya filamu, itaonyeshwa na kuwekwa mtandaoni ambako watu wa mbali wataiona, ukitaka tuzime tunazima, ukibadili mawazo mpigie huyu. Mzee anarudia kwa maneno yake alivyoelewa, na hapo ndipo unapojua ameelewa. Karatasi inakuja baadaye, fupi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023, na kozi ilipaswa kuieleza kwa nusu saa nzuri. Ilipewa sentensi moja. Watu tunaoweka nyuso za wengine mtandaoni tunaihitaji zaidi ya somo la mwanga.

Kilichowapa alama kwangu ni swali la kufungia walilotufundisha kuuliza kabla ya kufungasha vifaa: "Katika uliyotueleza leo, kuna la kubaki baina yetu?" Bibi wa singa alisema lipo. Wajukuu wa yule nyapara wanakaa nyumba ya tatu kutoka kwake, wanamsaidia kuteka maji. Dakika sita za kanda yetu zimefungwa mpaka atakaposema yeye au watoto wake.

Kuhusu kumpa mzee chochote, msimamo wa waendeshaji ni kilo ya sukari na sabuni, fedha hapana, kwa sababu fedha hununua majibu. Nimewaelewa, sijakubali. Mzee wa kilimo ambaye umemkalisha asubuhi nzima hakwenda shambani. Umekula siku yake, na mimi nikila siku ya fundi ninamlipa. Ningesema mlipe muda wake, umwambie kabisa ni wa muda, na umlipe sawa na mwenzake aliyekwambia usiyopenda kusikia.

Na lalamiko la tatu ndilo kubwa. Nakala za sauti wazee walipelekewa, kwenye kadi ndogo zinazoingia kwenye redio zao za sola, na hilo ni jambo zuri sana ambalo vituo vingi havifanyi. Lakini kanda zenyewe, mpaka naandika haya, ziko kwenye kompyuta moja ya mwendeshaji mmoja. Tulifundishwa nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja nje ya nyumba. Waliotufundisha hawafanyi. Nimeshauri wazungumze na Nyaraka za Taifa, au angalau jumba la makumbusho pale Boma ya zamani mjini, wameniahidi kulifikiria. Wakati huo huo nimenakili za kikundi chetu kwenye fleshi mbili, moja iko kwa dada yangu Korogwe.

Basi aende nani? Mtu wa redio aende, hata akope. Mwalimu wa historia aende. Anayetaka habari za ukoo wake anaweza kupata alichotaka katika wiki ya kwanza peke yake, na waendeshaji wakiombwa vizuri wanakubali nusu ya ada, mstaafu wa benki alifanya hivyo. Mtu wa kamera kama mimi aende kwa ajili ya maswali, kuitikia na mkasi, akiwa tayari kwamba hatafundishwa kamera. Anayetafuta cheti cha kuombea kazi abaki na fedha yake. Wanaanza kundi jipya baada ya mfungo. Ukijiandikisha, waulize kwanza wameongeza rekoda ngapi, na jibu likiwa "tatu", nenda na simu yako na maikrofoni ya kola. Madukani zipo za bei nafuu zinazotosha.